Nani Aliamua Mimi Ni Kisu Butu?

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alinirudishia kompo yangu mbele ya darasa zima na kusema, kwa sauti ya upole kabisa: "You are not the sharpest knife in the drawer." Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, kwa sababu sikuelewa. Nilidhani ni kitu kuhusu jikoni. Ilikuwa jioni, nikiwa kwa foleni ya githeri na sahani mkononi, ndipo nikashtuka. Ngoja kwanza. Kumbe kisu ni mimi?

Tangu siku hiyo nimekuwa na uraibu mdogo. Nikikutana na msemo wowote wa Kiingereza kuhusu mtu mwenye akili, au mtu ambaye akili zake zimetembea kidogo, lazima nichimbe umetoka wapi. Nilianza kwa hasira, nikaendelea kwa raha, na hivi majuzi nimefika mahali ambapo sicheki tena. Hebu niwapeleke polepole mpaka hapo.

Tuanze na makali. Waingereza wamekuwa wakimwita mtu mwerevu "sharp" tangu Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Baadaye wakaanza kuongeza vifaa: mkali kama sindano, mkali kama wembe. Wamarekani wakaleta "sharp as a tack", na tack ni kale kamsumari kafupi kenye kichwa bapa ambacho fundi hupigilia ngozi ya kiti.

Halafu kuna "smart". Nairobi ukiambiwa uko smart, kitu cha kwanza unaangalia ni viatu vyako. Lakini neno hilo lilianza kama neno la maumivu. Pigo la mjeledi ndilo lililokuwa smart, na mpaka leo Mwingereza akiingiwa na sabuni machoni anatumia neno hilo hilo kusema yanamwasha. Ni katika karne ya 17 ndipo likaanza kumaanisha mtu mwenye akili, na maana ya kuvaa vizuri ikafuata. Kutoka kwa kiboko hadi kwa akili, kutoka kwa akili hadi kwa suti.

Na tusijifanye sisi tuko tofauti. Watangazaji wetu wa mpira husema kocha anainoa timu. Mwanafunzi hunoa bongo. Msee anayejua kazi yake ni mkali. Hakuna mtu alikaa chini kututafsiria hayo kutoka Kiingereza. Watu wote wana visu jikoni, na mtu mwenye kisu atafika kwenye msemo huo mwenyewe.

Shida ya kisu ni kwamba kinasifiwa kwa kitu kimoja tu, kukata haraka. Wale wetu tunaofikiria polepole, tunaorudia sentensi mara tatu ndipo tuielewe, hatuna msemo wetu. Kwenye hiyo droo sisi ni kijiko. Lakini jaribu kunywa uji kwa kisu kikali uone.

Sasa tuingie upande wa pili, upande wa wale ambao "hawajatimia". Hapa ndipo Waingereza na watoto wao waliotawanyika duniani wamejibamba sana. Mtu ana skrubu imelegea: msemo huo ulishika Uingereza wakati wa mashine na viwanda, na sisi tukiwa na magereji yetu tukasema nati zimelegea. Wamarekani wa karne ya 19 wakaanza kusema mtu amepoteza "marbles", zile gololi ambazo mtaani kwetu tuliziita bano. Waaustralia wa karne hiyo hiyo walikuwa wakiezeka nyumba kwa vigae vya mbao, basi mtu asiyekuwa sawa wakasema amepungukiwa kigae kimoja. Kutoka hapo mlango ukafunguka. Leo kuna mtu amepungukiwa sandwichi mbili za pikniki, kuna mwingine lifti yake haifiki ghorofa ya juu. Unaweza kuunda yako leo jioni: chapati mbili pungufu ya harusi.

Lakini angalia Kiswahili. Sisi tuna neno punguani, na ukilisikiliza vizuri utasikia kupungua ndani yake. Tuna hamnazo, na hizo "zo" ni akili zenyewe: hamna hizo zinazotakiwa kuwamo. Mwaustralia na kigae chake na mama wa Mombasa na hamnazo yake hawajawahi kukutana, lakini wanasema kitu kimoja. Kichwa ni ghala, na mtu amehesabu akakuta upungufu.

Mpaka hapo ni mchezo, na mchezo hauna shida sana. Hata wanyama wamo. Waingereza husema mtu ana wazimu kama sungura wa Machi, kwa sababu mwezi huo wa kujamiiana sungura wao wa porini husimama kwa miguu ya nyuma na kupigana ngumi mashambani. Wataalamu wa wanyama wamegundua kwamba mara nyingi hao mabondia si madume wawili. Ni jike anamtandika dume asiyetaka kuelewa neno hapana. Kwa hivyo huyo "mwendawazimu" ni dada anayejitetea. Na sungura huyo huyo, ukimuuliza shosho yeyote Kenya, ndiye mjanja kuliko fisi, simba na ndovu wakiwekwa pamoja. Mnyama mmoja, ripoti mbili. Inategemea nani anasimulia.

Shikilia hilo, inategemea nani anasimulia, kwa sababu sasa tunaingia kwenye misemo ambayo haikutoka jikoni wala kwa gololi. Ilitoka kwa watu.

Kuna msemo "mad as a hatter", kichaa kama mtengenezaji kofia. Wengi tunaujua kwa sababu ya kitabu cha Lewis Carroll kuhusu Alice, cha mwaka 1865, lakini msemo wenyewe ulikuwa umeshachapishwa kabla yake. Wataalamu wa lugha bado wanabishana ulianzaje. Ambacho hakina ubishi ni kilichokuwa kikifanyika ndani ya viwanda. Kofia za kitambaa kizito zilitengenezwa kwa manyoya ya sungura na wanyama wengine, na ili manyoya yashikane, yalipakwa dawa yenye zebaki. Kisha yakapikwa na kupigwa pasi ya mvuke, na fundi akavuta huo mvuke mchana kutwa, miaka na miaka. Mikono ikaanza kutetemeka. Ulimi ukawa mzito. Mtu mchangamfu akawa mwenye haya kupita kiasi, halafu ghafla mwenye hasira, halafu msahaulifu. Katika mji wa Danbury, jimbo la Connecticut, uliojulikana Marekani nzima kwa kofia zake, ugonjwa huo ulipewa jina la mji: mtetemeko wa Danbury. Marekani iliacha kutumia zebaki kwenye kofia mwaka 1941.

Kwa hivyo bwana mkubwa alivaa kofia, na fundi akavaa jina la kichaa. Na usidhani hiyo ni historia ya mbali. Migori, hapa hapa kwetu, kuna wachimba dhahabu wadogo wanaochanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha wanachoma ili dhahabu ibaki. Moshi ni ule ule. Siku mmoja wao akianza kutetemeka na kuongea ovyo sokoni, sisi tutasema nati zimelegea.

Msemo mwingine ni "doolally". Unasikika kama neno la kubembeleza mtoto. Asili yake ni Deolali, mji wa India karibu na Nashik, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa na kambi tangu karne ya 19. Askari aliyemaliza muda wake alipelekwa huko kusubiri meli ya kurudi nyumbani. Meli za kubeba askari zilisafiri miezi ya baridi pekee, kwa hivyo ukimaliza muda wako wakati meli ya mwisho imeondoka, unakaa. Joto, hakuna kazi, pombe, malaria, na nyumbani ni ng'ambo ya bahari. Baadhi yao walivurugika akili. Wenzao wakasema fulani amepata Doolally tap, na hilo tap ni neno walilookota kwa wenyeji, la homa. Vijana maskini walitumwa kulinda himaya, wakaharibikiwa kwenye foleni ya kurudi, na kilichobaki kwao ni kineno cha kuchekesha.

Halafu kuna Bedlam, na hapa tafadhali nisikilize vizuri.

Mwaka 1247, London, ilianzishwa nyumba ya watawa iliyopewa jina la Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Miaka ilivyoenda ikawa hospitali, na kufikia mwanzo wa karne ya 15 ilikuwa na wagonjwa wa akili. Midomo ya watu wa London ikakata Bethlehem ikawa Bethlem, kisha Bedlam. Kufikia wakati wa Shakespeare neno hilo lilikuwa limeshaingia kwenye tamthilia. Mwaka 1676 hospitali ikahamia jengo la kifahari lililochorwa na Robert Hooke, yule mwanasayansi. Nje lilionekana kama jumba la mfalme. Ndani, watu wa mjini walikuwa wakiingia kutembea na kuwaangalia wagonjwa, kama vile sisi tunavyoenda kuona simba pale Langata, na walitarajiwa kuacha pesa. Mpaka mwaka 1770 ndipo ziara hizo zikawekewa masharti.

Leo Mwingereza akiingia chumba chenye kelele na fujo anasema ni bedlam, kwa herufi ndogo. Hospitali yenyewe bado ipo, kusini mashariki mwa London, inatibu watu. Lakini jina lake liligeuzwa fujo, na huwezi kulirudisha.

Sasa swali langu. Kama mtu wa ajabu-ajabu anaitwa hivyo vyote, mbona Kiingereza kina neno lingine tamu sana, "eccentric"? Neno hilo lilitoka kwa wanajimu. Lilimaanisha mzunguko ambao kitovu chake hakiko pale ulipotarajia. Likaja kumaanisha mtu anayezunguka kivyake. Ni neno la heshima, karibu sifa.

Nani alipewa? Mfano ni John Mytton, aliyezaliwa 1796, tajiri wa Shropshire aliyewahi hata kuwa mbunge. Charles Apperley, rafiki yake aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba aliingia chumba cha chakula akiwa amempanda dubu. Anasimulia pia kwamba usiku mmoja alishikwa na kwikwi, akachoma nguo yake ya kulalia akiwa ameivaa ili aitishe hiyo kwikwi iondoke. Alitapanya mali ya ukoo mpaka akafa mwaka 1834 kwenye jela ya wadeni. Ndiyo, walimwita Mad Jack. Lakini kwa mapenzi. Hakuna aliyemfungia hospitali ya vichaa kwa sababu ya dubu. Vitabu vinamhesabu kati ya ma-eccentric wakubwa wa Uingereza.

Miaka 25 baadaye, mwaka 1859, mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika kitabu kuhusu uhuru ambamo aliwatetea watu wa ajabu. Alisema jamii ikiwa na watu wengi wasiofanana na wengine, hiyo ni dalili ya nguvu na akili. Maneno mazuri. Lakini kitabu hicho hicho kinasema uhuru huo hauwahusu watu aliowaita washenzi, na kwamba hao wanaweza kutawaliwa kwa mabavu mradi ni kwa faida yao. Mill alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyotawala India kwa miaka 35. Kwa ufupi, ruhusa ya kuwa wa ajabu ilikuwa na mipaka, na sisi tulikuwa nje ya mpaka.

Ukitaka ushahidi, njoo nyumbani. Sayyid Muhammad Abdullah Hassan wa Somalia alikuwa mshairi anayeheshimiwa mpaka leo, na aliwasumbua Waingereza vitani kwa takriban miaka 20, mpaka 1920. Mtu anawezaje kupigana na himaya miaka 20 bila akili kali? Lakini magazeti ya London yalimwita "Mad Mullah", shehe kichaa. Akiwa kichaa, huna haja ya kuuliza anapigania nini.

Na Elijah Masinde wa Kimilili. Wazee wa Bungoma wanamkumbuka kwanza kama mchezaji mpira aliyefika timu ya Kenya, kisha kama kiongozi wa Dini ya Msambwa. Miaka ya vita vya pili vya dunia alikataa amri za serikali ya mkoloni na kupinga watu wake kuchukuliwa kufanya kazi kwa lazima. Mwaka 1945 hakupelekwa jela tu kama wengine. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko mpaka 1947. Alipotoka aliendelea pale pale alipokuwa ameachia, wakamhamishia mbali, Lamu na baadaye Marsabit. Linganisha hayo na dubu wa Mytton. Mmoja alijichoma moto kwa sababu ya kwikwi, mwingine alisema hapana kwa DC. Nani alipelekwa kwa daktari?

Hospitali hiyo ya Mathari ilianza 1910, ikiitwa Nairobi Lunatic Asylum. "Lunatic" ni neno la mwezi, kwa Kilatini luna, kwa sababu watu wa kale waliamini mwezi ndio unaovuruga akili. Marekani ililiondoa neno hilo kwenye sheria zake za kitaifa mwaka 2012 tu. Hapa Nairobi jina lilibadilishwa 1924 likawa Mathari. Kuanzia 1938 mpaka 1950 mkuu wake alikuwa daktari anaitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, na ndani yake alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, akiieleza kama tatizo la kisaikolojia. Ardhi iliyochukuliwa haikuwa kiini cha maelezo yake. Kiini kilikuwa vichwa vyetu.

Kwa hivyo mnaona ni wapi nimefika. Wakati mwalimu ananiita kisu butu, hiyo ni kidonda kidogo, nimepona. Lakini misemo hii yote ina kitu kimoja: kuna mtu ameshika droo, na ni yeye anaamua nani ni mkali, nani ni wa ajabu kwa raha zake, na nani ni wa kufungiwa.

Na sasa sehemu ambayo nimekuwa nikiizungukazunguka.

Mwaka jana nilipost video nikimwigiza kondakta mmoja mwenye vituko. Mwishoni nikatupia: "Huyu ametoroka Mathari, mrudisheni." Mnajua vile hiyo mstari hufanya kazi. Sote tumeitumia tangu darasa la tatu. Watu wakacheka sana, ikasambaa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimefanya.

Siku mbili baadaye binamu yangu akanitumia ujumbe. Babake, anko wangu, ni fundi wa redio. Ukimletea redio imekufa anaisikiliza kwanza kama daktari, halafu anakuambia shida iko wapi kabla hajaifungua. Pia amewahi kulazwa Mathari, akatibiwa, akarudi nyumbani, na anameza dawa zake kila jioni baada ya chai. Hilo kwetu linajulikana na halisemwi. Binamu yangu aliandika: "Baba ameona video yako. Amecheka. Halafu akaniuliza kama marafiki zako wanajua."

Nilisoma hiyo meseji nikiwa kwa matatu, nikapitisha steji yangu.

Hapo ndipo nikaelewa Bedlam vizuri. Watu wa London hawakukaa mkutano wakaamua kuchafua jina la hospitali. Walifanya tu mzaha, mmoja mmoja, kwa miaka mingi, mpaka jina la mahali pa kutibiwa likawa jina la fujo. Sisi tunafanya hivyo hivyo na Mathari, kwa Kiswahili na kwa Sheng, bila mkoloni yeyote kutusimamia. Halafu tunashangaa mbona kijana anaumwa akili na anakataa kwenda hospitali. Angeenda vipi, na jina la mlango ni matusi?

Nilienda kumwona anko Jumapili iliyofuata. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu, "Anko, ile video nimeitoa. Nisamehe." Akaniangalia, akaniambia nimshikie tochi, ana redio ya mtu. Tukakaa hapo karibu saa nzima. Alipomaliza akaniuliza kama bado nasoma polepole kama zamani. Nikasema ndio. Akasema hata yeye.

Sitaacha kucheka. Misemo ni tamu, na mtu asiye na vituko ni mchoshi. Niambie nina nati zimelegea, ni sawa, nitakubali, pengine ni kweli. Ninachoomba ni kitu kidogo: tuachane na kutumia hospitali ya watu kama punchline. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wengine zimejaa, wengine zimenyonyoka, wengine zinahitaji dawa. Hakuna mtu humwachia jirani achague atanyolewa vipi.